Daftari Lililokuwa Zuri Mno

Kwa miaka mitatu daftari la chumba chetu cha baridi lilikuwa zuri kuliko daftari lolote lililopita mezani kwangu. Jalada jeusi, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya joto, safu ya sahihi, na pembeni kabisa safu pana iliyoandikwa juu yake "Maelezo", ambayo haikuwa na neno hata moja. Saa mbili usiku, hasi 18. Saa nne, hasi 18. Saa sita, saa nane, saa kumi, mpaka alfajiri, hasi 18. Kila Jumatatu nililifungua, nikapitisha macho kurasa mbili tatu, nikatia sahihi na kulirudisha kwenye msumari wake, moyo umetulia.

Asubuhi niliyofungua mlango wa chumba hicho nikakuta maji sakafuni na nguru walioanza kulegea, daftari lilikuwa palepale kwenye msumari. Usiku wa kuamkia siku ile lilikuwa limeandikwa mara sita. Hasi 18.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika. Naliandika sasa kwa sababu wengi wetu huku pwani tumekabidhiwa watu na mali ya watu: ushirika, bodi ya shule, kikundi cha akina mama, zahanati, timu ya mpira, kamati ya msikiti. Tunapewa ufunguo na muhuri, tunaombewa dua, na hakuna anayetuambia kazi yenyewe ni ipi. Mimi nilidhani kazi ni kuhakikisha mambo hayaharibiki. Ilinigharimu shehena nzima ya samaki kujua kwamba kazi ya kwanza ni kuhakikisha najulishwa mapema yanapoanza kuharibika.

Nasimamia ghala la samaki la ushirika mmoja wa wavuvi hapa Lamu. Wavuvi wanatuletea changu, tafi, kolekole, nguru, pweza. Tunapima, tunatia barafu, wengine tunawagandisha, kisha shehena inavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na kupanda lori la Malindi au Mombasa. Msimu wa kaskazi bahari imetulia na samaki ni wengi, bei inaanguka. Kusi kikishika, mashua ndogo nyingi hukaa ufuoni na bei inapanda. Mwenye chumba cha baridi anaweza kusubiri, na asiye nacho humuuzia tajiri kwa bei ya tajiri. Kwa hiyo chumba kile ndicho kilichotufanya tuwe ushirika wenye sauti, na hasi 18, yaani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, ambacho ndicho kiwango kinachokubalika duniani kwa samaki wa kugandishwa, ndiyo nambari tuliyokuwa tukiishi nayo.

Watu wa nje waliniuliza kwa nini hatukuwapika tu wale samaki tukawagawa. Nguru na jodari ni samaki wa hatari wakipata joto. Bakteria huitengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondoki kwa moto. Unaweza kumkaanga, kumchoma, kumtia nazi na ndimu, atakayemla atawashwa mwili mzima na kichwa kitampasuka. Tulichimba shimo tukafukia kilo 430. Wenye samaki walisimama wakitazama. Hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu kama wangenitukana.

Nikamwita mlinzi wa usiku. Ni mzee aliyepita miaka sitini, baharia wa zamani, na mimi humwita Ami, hivyo nitamwita Ami humu pia. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza kazi. Barua nilikwisha kuiandika kichwani.

"Ami, usiku wa jana chumba kilikuwa nyuzi ngapi?"

"Hasi sita saa nane. Baadaye sikuangalia tena."

"Na hapa umeandika nini?"

Akalitazama daftari, akanitazama mimi. Hakutetemeka wala hakutafuta maneno.

"Wewe uliniambia hutaki kuona nambari nyingine humu."

Nilibisha. Nikasema sijawahi kusema neno kama hilo. Kisha, nikiwa bado nabisha, nikakumbuka.

Ilikuwa wiki yangu ya pili kazini. Stima ilikuwa imepotea usiku, jenereta ikachelewa kuwaka, naye akaandika alichokiona kwenye kipimajoto: hasi 11. Asubuhi nililisoma daftari mbele ya vibarua waliokuwa wakipakia barafu, vijana wa umri wa wajukuu zake. Nilitaka wajue kuna bosi mpya. Nikainua daftari juu nikasema kwa sauti kwamba sitaki kuona nambari nyingine humu isipokuwa hasi 18, na kama yeye hawezi basi nitamtafuta anayeweza. Mmoja wa wale vijana alicheka. Ami alisema, "Sawa, bosi." Kabla ya siku ile alikuwa akiniita mwanangu.

Mimi nilikuwa nazungumzia chumba, na yeye alisikia daftari. Lakini hakunisikia vibaya. Chumba hakiko chini ya uwezo wa mlinzi: si yeye anayeleta stima, si yeye anayenunua vipuri, si yeye aliyeahirisha matengenezo ya kompresa, ile mashine ya kuleta baridi, mara mbili kwa sababu bajeti haikutosha. Huyo ni mimi. Kitu pekee kilichokuwa mkononi mwake ni kalamu. Nikamdai hasi 18, akanipa hasi 18 kutoka mahali pekee alipoweza kuipata.

Na alikuwa mtiifu kweli. Usiku zaidi ya elfu moja alinipa nilichokitaka.

Jioni ile nilikwenda kuswali, kisha nikaketi barazani pale ninapoketi kila siku, sehemu ya mbele karibu na gati. Mwenye boti mmoja akanipa pole. Akaniambia, bila nia mbaya yoyote, kwamba wao walitarajia. Ile mashine imekuwa ikiguruma vibaya kwa wiki mbili, kila anayepita na punda nyuma ya ghala anaisikia. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Fundi wa boti aliyekuwa karibu akasema hata yeye aliisikia, akadhani najua.

Kwa asiyeijua Lamu, baraza ni lile benchi la mawe mbele ya nyumba, na ndilo gazeti letu, mahakama yetu ndogo na benki yetu ya habari. Habari ya kompresa yangu ilikuwa imeketi barazani wiki mbili, mji mzima ukiipitia, na haikufika mezani kwangu. Watu watano walio chini yangu waliijua. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu zote ukizifuata mpaka mwisho zinakufikisha kwenye mlango wa ofisi yangu.

Nilisomea usimamizi, stashahada ya miaka miwili. Tulikariri mipango, upangaji, uongozaji, udhibiti. Mwalimu alituandikia ubaoni kanuni 14 za usimamizi za Mfaransa Henri Fayol na mimi nilizijua zote kwa mpangilio, nikazipita kwenye mtihani, nikazisahau. Usiku ule nikayatafuta madaftari yangu ya chuo. Katika hayo yote hapakuwa na mstari uliosema mtu wa chini atakuletaje habari mbaya. Mishale yote katika michoro yangu ilikuwa ikishuka.

Nilichokihitaji nilikuwa nacho tangu utotoni.

Mjomba wangu alikuwa nahodha. Miaka ya 1980 nilisafiri naye kwenda Faza likizo zote za shule. Njia yetu ilikuwa ya Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, ambao haupitiki ila maji yakijaa. Ukikosea saa unapwelewa, unalala humo na mbu mpaka bamvua au maji mengine yakunyanyue. Mjomba alishika kana, ule mpini wa usukani. Omoni, mbele ya chombo, alimweka binamu yangu, mtoto wa miaka kumi na mbili, na upondo mkononi, ule mti mrefu, autie majini na kuutoa, kazi yake ni kupiga ukelele tu.

Siku moja mtoto akapiga ukelele: "Mayi haba!"

Mjomba hakuuliza. Akaisukuma kana, chombo kikapinda, tanga likapigapiga, watu wakashikana, debe la asali la abiria likapinduka. Tulipotazama maji, yalikuwa ya kumzamisha mtu mzima na mwenzake juu yake. Mtoto alikuwa ameona kivuli cha wingu, na upondo ulikuwa umegusa mzizi. Abiria mmoja, mfanyabiashara mzito, akacheka kwa kero akasema nahodha gani anaendeshwa na mtoto. Mtoto akajikunyata.

Mjomba alimwambia mtoto kwanza. "Ahsante. Tazama mbee." Kisha akamgeukia yule mtu mzima, taratibu kabisa: "Akikosa, mimi hupinda kana tu. Akiogopa kukosa, siku moya tutalala funguni."

Mambo matatu ya dakika ile nimeyafikiri sana. Alipinda kwanza ndipo akaangalia. Alimshukuru mtoto kwa kosa, mbele ya watu waliotaka kumwona akikemewa. Na unahodha wake haukupungua hata chembe, kwa sababu kana ilibaki mkononi mwake mwanzo hadi mwisho. Tunayo methali kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na watu huitumia kumnyamazisha kila mwenye la kusema. Lakini mtoto wa omoni si nahodha wa pili. Ni jicho. Nahodha aliye tezini, nyuma ya chombo, haoni kilicho chini ya omo, na cheo chake hakimwongezei macho.

Ndege kubwa ziliwagharimu watu wengi kabla ya kulijua jambo hili. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Boeing 747 ya KLM, shirika la Uholanzi, ilianza kukimbia ili iruke huku Boeing 747 ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado kwenye barabara ileile ya kurukia. Kulikuwa na ukungu mzito, na maneno ya redio yaliingiliana, kwa hiyo sababu hazikuwa moja. Lakini ndani ya chumba cha marubani cha KLM, mhandisi wa ndege aliuliza kama wale wenzao wameshatoka barabarani. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa aliyekuwa mwalimu wa marubani katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kwamba wametoka. Mhandisi hakurudia swali. Wakafa watu 583, na mpaka leo ndiyo ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko zote. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, liliwakutanisha wataalamu kuzungumzia makosa ya namna hiyo, na kutoka hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza, kama sehemu ya kurusha ndege na si kama adabu tu.

Nilipokisoma kisa hicho nilisimama kwenye lile swali la mhandisi. Alikuwa na upondo mkononi. Alipiga ukelele mara moja.

Sasa kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mwenyekiti wa bodi aujue. Miaka ya 1990 Mmarekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache kwenye rekodi. Hesabu zikamletea kinyume: timu bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Alipochimba zaidi ikaonekana kwamba tofauti ilikuwa kwenye kusema. Katika wodi nzuri watu waliyataja makosa, wakayajadili, wakayarekebisha. Katika wodi za hofu makosa yalizikwa kimya.

Fikiria maana yake kwa anayekagua. Mkaguzi angefika ghalani kwangu mwezi mmoja kabla ya hasara, angelisifu lile daftari. Mimi mwenyewe nililipeleka kwenye mkutano mkuu wa mwaka, nikaliinua wanachama walione. Siku hizi nikiingia ofisi ya mtu na kuona rekodi isiyo na doa, siisifu mpaka nimjue anayeiandika na anachokiogopa.

Kuna methali yetu nyingine, mkubwa ni jaa. Wazee huisema wakimliwaza kiongozi aliyelaumiwa bila kosa: vumilia, mkubwa ni jaa, kila mtu atakutupia takataka zake. Nilikuwa nikiichukua kama msiba wa cheo. Sasa naitazama kwa upande wa jaa lenyewe. Jaa lipo ili uchafu utoke majumbani. Mtaa ambao jaa lake limefungwa kufuli hausafiki kwa sababu hiyo. Uchafu unabaki uvunguni mwa vitanda, na siku utakapotoka, utatoka na maradhi. Mimi nilikuwa mkubwa aliyekataa kuwa jaa, na nikajipongeza kwa usafi wa uwanja wangu.

Kumtaka radhi Ami ilikuwa lazima, na swali lilikuwa wapi. Nafsi iliniambia nimwite ofisini, nifunge mlango. Lakini nilimvunjia heshima mbele ya watu, na radhi ya faragha ingemlipa nusu tu ya deni. Nilisubiri asubuhi ya kupakia barafu, vijana wote wapo. Nikampa salamu kama inavyompasa mtu wa umri wake. Nikasema: "Ami, miaka mitatu iliyopita nilisimama hapahapa nikakukosea mbele ya vijana hawa. Uliandika kweli nami nikakuadhibu kwa kuandika kweli. Hasara ile ni yangu. Niwie radhi." Nilidhani atasema jambo. Alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. "Nimekuwia," akasema, akaenda kulala, maana alikuwa amekesha.

Nilitarajia kwamba baada ya hapo habari zitafurika. Hazikuja. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Watu hawakuwa wakisubiri hotuba nyingine. Walikuwa wakisubiri ajali ndogo ili waone uso wangu.

Ikaja kwa mizani. Kijana wa kupima aliiangusha mizani ya kidijitali, kioo kikafa. Ni kifaa cha bei, na ilikuwa asubuhi ya samaki wengi, foleni imefika nje. Akaja mwenyewe mlangoni, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maiti ya paka. Nilihisi damu ikinipanda, sitasema uongo. Ghala lote lilinyamaza. Hata yule aliyekuwa akivunja barafu alishusha rungu. Nilimwambia: "Vizuri umekuja saa hii. Ile ya zamani ya kuning'iniza iko wapi?" Ikaletwa, tukaendelea. Jioni tukaketi, nikamuuliza ilivyoanguka, na ndipo nikajua kwamba meza ile imekuwa ikiyumba tangu mvua za masika, kila mtu akiisawazisha kwa kipande cha boksi. Siku ya pili yake nilipata habari tano ndani ya asubuhi moja: meza, waya uliochubuka, mteja anayechelewesha malipo, kofuli lisilofunga, na kibarua aliyeumia mkono akaficha.

Katika kamati hawakulipenda jambo hili wote. Mzee mmoja tunayemheshimu aliniambia waziwazi kwamba nawalegeza watu, kwamba hofu ndiyo inayofanya kazi iende, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni hoja ya haki na sikuidharau. Lakini kuna tofauti kati ya aliyekosea akasema, aliyezembea, na aliyeiba. Miezi michache baadaye tulimwachisha kazi kijana aliyekuwa akiuza barafu ya ushirika kwa siri usiku, na sikusitasita. Na tulimjuaje? Mwenzake alikuja kusema. Katika ghala la zamani asingekuja. Hofu ilikuwa ikiwalinda wezi pamoja na wakweli, wote kimya mamoja.

Na kamati yenyewe ilikuwa sehemu ya tatizo, hili nilichelewa kuliona. Mwenyekiti alikuwa akimwagiza mlinzi amfungulie jamaa yake ghala usiku. Mweka hazina alimwagiza asiwashe jenereta mpaka iwe lazima, mafuta ghali. Mimi nilimwagiza joto lisipande. Mtu mmoja, amri tatu, na mbili zinagombana. Hapa Fayol nilirudi kumheshimu. Alikuwa mhandisi wa makaa ya mawe Ufaransa, aliingia migodi ya Commentry mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 19, na mwaka 1888 akapewa kampuni nzima ikiwa karibu kufilisika, akaiokoa. Kanuni zake alizichapisha mwaka 1916, akiwa mzee aliyeyaona. Moja yazo ni kwamba mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Nilipoikariri chuoni niliona ni ya kulinda heshima ya bosi. Ghalani niliona ni ya kumlinda mlinzi, asipasuliwe katikati na wakubwa watatu wasioongea wao kwa wao.

Fayol huyohuyo, ambaye watu humdhania mtu wa ngazi na vyeo tu, aliweka pia daraja. Alisema habari ikipanda ngazi zote upande mmoja na kushuka ngazi zote upande wa pili itachelewa, basi wakubwa wawaruhusu walio chini wazungumze moja kwa moja, kisha wawajulishe. Daraja hilo ndilo tulilolijenga kati ya mlinzi na fundi wa mashine. Zamani Ami alipaswa kuniamsha mimi, nami nimpigie fundi, na fundi anirudie mimi kuhusu malipo. Katika usiku ule wa hasara hakuna simu iliyopigwa. Sasa bei ya kuja usiku tumeshaiandika na kuikubali mapema kwenye kamati.

Na nani anaamua kwamba fundi aitwe? Hili tulilibishania kikao kizima. Mwisho tuliandika kwamba joto likivuka hasi 15 fundi anaitwa, basi, hakuna wa kuombwa ruhusa. Baadaye nikagundua kwamba Mmarekani Mary Parker Follett, aliyezaliwa mwaka 1868, alikwisha kulisema jambo hili kwa wenye viwanda miaka ya 1920: amri itoke kwenye hali yenyewe, mkubwa na mdogo wote waitii. Alipenda pia kutenganisha nguvu ya juu ya watu na nguvu ya pamoja na watu. Kwa mzee kama Ami, kuamrishwa na kipimajoto si fedheha. Kuamrishwa na kijana aliyeinua daftari juu ilikuwa fedheha.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 ina maneno ya karibu na hayo, Ibara ya 73: mamlaka ya afisa wa dola ni dhamana, na inampa jukumu la kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Mimi si afisa wa dola. Hata hivyo niliisoma ibara hiyo kwenye kikao tulipokuwa tukijadili nani awe na ufunguo wa ghala, na mwenyekiti, mungu ampe heri, aliutoa wake mfukoni akauweka mezani.

Kuna gharama, na sitaki kumdanganya mtu. Kupokea habari mbaya kila siku kunachosha. Zamani nililala vizuri zaidi. Nyingine ni za bure: kivuli cha wingu, mzizi wa mkoko. Fundi amekuja mara mbili usiku akakuta ni mpira wa mlango tu haukukaa sawa, akalipwa, na mweka hazina akanitazama. Kila mara hiyo humkumbuka mjomba akiisukuma kana.

Kamati sasa inazungumzia kununua kifaa cha kurekodi joto chenyewe na kutuma ujumbe kwenye simu. Nimeunga mkono. Ila nimeomba daftari libaki kwenye msumari wake, na sababu ni ile safu ya pembeni, ya "Maelezo", iliyokaa tupu miaka mitatu. Siku hizi imejaa. Mwandiko umepinda, kuna madoa ya kahawa, nambari zimekatwa na kuandikwa upya. Nimelifungua hapa ninapoandika.

"Saa sita, hasi 17. Mashine yaguruma kama mwenye pumu."

"Saa nne, hasi 18. Kuna panya, nimemuona mmoja, huenda ni wawili."

"Saa kumi, hasi 16. Mlango uliachwa wazi na waliopakia jioni. Si mara ya kwanza."

Na hii ya mwezi uliopita, ambayo kamati nzima iliisoma kabla yangu:

"Saa tisa na robo, hasi 13. Nimempigia meneja mara mbili, hakupokea. Nimemwita fundi."

Nilitia sahihi yangu chini yake.